Nani Anasikiliza Kanda za Wanafunzi?

Shahada ya uzamili ya saikolojia ya ushauri nasaha haifundishiki kwa mihadhara peke yake. Mwanafunzi anaweza kuieleza nadharia ya Carl Rogers ukurasa baada ya ukurasa na kufaulu mtihani, kisha akaketi mbele ya mama aliyefiwa na kuanza kumhubiria. Mshauri hukomaa pale mtu mwingine anapomsikiliza akifanya kazi na kumrudisha mahali alipoteleza. Katika masomo ya jioni hapa Nairobi, mara nyingi mtu huyo ni mhadhiri wa muda: mchana anaona wateja wake, jioni anaingia darasani. Mimi ni mmoja wao, na nataka kueleza kazi hiyo inavyofanyika, kwa sababu wanaoipangia malipo huona tu saa za darasani.

Wanafunzi wa jioni ni watu wazima: walimu, wauguzi, wachungaji, maafisa wa serikali. Wamezoea kuwa na majibu. Mwalimu husahihisha, mchungaji huombea, muuguzi huelekeza. Kabla ya nadharia yoyote inabidi mazoea hayo yalegezwe, na hapo njia ya Allen Ivey na wenzake, iliyoanzia Colorado State University katika miaka ya 1960, bado haijapata mpinzani machoni pangu. Waliuvunja ushauri kuwa stadi ndogondogo: kuwa makini kwa macho na mwili, kuuliza swali lililo wazi, kufupisha alichosema mteja, kuakisi hisia zake. Kila stadi hufundishwa peke yake na kufanyiwa mazoezi kabla ya kuingia nyingine. Darasani tunakaa watatu watatu. Mmoja mshauri, mmoja mteja, mmoja mtazamaji, kisha wanabadilishana.

Anayekuwa mteja hatakiwi kuleta jeraha lake kubwa kabisa. Nasisitiza hilo tangu siku ya kwanza, kwani mimi ndiye nitakayempa alama, na mtoa alama hawezi kuwa tena mshauri wake. Mwanafunzi wangu akija kuniona kama mteja kituoni ninakofanyia kazi mchana, namwelekeza kwa mwenzangu, hata kama ana dhiki kubwa. Hasa kama ana dhiki kubwa.

Baada ya mazoezi ya watatu watatu hufuata wateja halisi, na hapo ndipo kanda inapohitajika. Rogers, akiwa Ohio State University, alirekodi vikao kwenye sahani za santuri, na kitabu chake cha 1942 kilichapisha vikao vyote 8 vya mteja mmoja, neno kwa neno. Bila kanda, msimamizi hutegemea kile mshauri anachokumbuka, na kumbukumbu humpendelea mwenyewe. Siku hizi simu inatosha kurekodi, ila masharti ni makali: Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 huziweka taarifa za afya katika kundi la data nyeti. Mteja anatia saini ridhaa, anaelezwa nani atasikiliza, na kanda inafutwa baada ya kutathminiwa. Sipokei kanda kwa WhatsApp.

Lugha ya kikao inabaki ile ya mteja. Vitabu ni vya Kiingereza, lakini kijana wa Kayole akizungumza Sheng, mwanafunzi ananukuu Sheng hiyohiyo, maana akiitafsiri ananiletea kikao kingine.

Hebu tuangalie kipande kimoja. Ni cha mazoezi, na nimekibadilisha kiasi cha kutomtambulisha yeyote. Mteja anasema: “Tangu mama afariki, ndugu zangu wananiuliza mimi kila kitu. Karo, hospitali, hata mbuzi.” Mshauri anajibu papo hapo: “Na wewe ni wa ngapi kuzaliwa?” Mteja anasema wa tatu, na mazungumzo yanahamia kwenye orodha ya ndugu. Dakika 6 zinapita kabla ya mama kutajwa tena.

Mhadhiri mwenye haraka angeandika pembeni: “Swali lililofungwa, akisi hisia,” akapita. Ni kweli, lakini mwanafunzi huyo anaijua kanuni hiyo tayari. Norman Kagan wa Michigan State University alibuni, miaka hiyohiyo ya 1960, njia ninayoitumia hapa: mwanafunzi mwenyewe ndiye anayesimamisha kanda, nami nauliza tu bila kufundisha. Ulikuwa unahisi nini hapa? Ulitaka afanye nini? Uliogopa nini? Alinyamaza kidogo, akasema: “Sauti yake ilibadilika aliposema mbuzi. Niliona atalia, na sikujua ningefanya nini.” Basi swali lile lilikuwa la kumkinga mshauri. Tuliporudia zoezi, alitulia, akasema polepole, “Hata mbuzi.” Mteja alilia, mshauri hakukimbia. Hakuna slaidi inayoweza kumfikisha mtu hapo.

Sasa tupige hesabu. Kozi ya kawaida ya muhula ni saa 45 za darasani, na mhadhiri wa muda hulipwa kwa saa hizo. Chukua wanafunzi 15, kila mmoja na kanda 3 za dakika 50: hizo ni saa 37 na nusu za kusikiliza, kabla hujaandika maoni wala kuketi na yeyote. Ni kama kozi ya pili iliyofichwa ndani ya ile ya kwanza. Ndiyo maana wengine huacha kusikiliza na kusahihisha insha tu. Siwalaumu sana, ila wateja ndio wanaolipia.

Mimi hupunguza hivi: katika kila kanda mwanafunzi anachagua dakika 10 alizokwama, si zile alizong’ara, anazinukuu, nami nachagua dakika 5 nyingine nipendavyo. Inabaki saa 11 na robo. Njia hii inafaa, ingawa ni ya kubana. Nchini Marekani, viwango vya CACREP, chombo kinachoidhinisha programu za ushauri nasaha, hudai saa 100 za mafunzo kwa vitendo, 40 kati yake na wateja, kisha saa 600 za mafunzo kazini, 240 na wateja, na usimamizi wa kila wiki katika hatua zote mbili. Huko usimamizi ni sehemu ya programu yenyewe. Kenya ilipata Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia mwaka 2014, lakini cheti cha usajili hakitamsaidia mteja ikiwa hakuna aliyewahi kumsikia mshauri wake akifanya kazi.

Kwa wakuu wa idara: andikeni saa za kusikiliza kanda kwenye mkataba wa mhadhiri wa muda na mzilipe kama saa za darasani. Na wewe unayetafuta chuo cha uzamili, kabla hujalipa karo uliza nani atasikiliza kanda zako, na kwa saa ngapi. Wakishindwa kukutajia mtu, tafuta chuo kingine.