Vishazi Vitatu vya Ufa

Mlinganyo waliouchapisha Nicolas Moës, John Dolbow na Ted Belytschko mwaka 1999 unasomeka kama sentensi ndefu yenye vishazi vitatu, vilivyoungwa kwa alama mbili za kujumlisha. Hakuna alama ya kutoa wala ya kugawanya, ingawa kinachoelezwa ni kitu kinachopasuka.

Kabla ya mlinganyo huo, mhandisi aliyetaka kuufuata ufa kwa kompyuta aliligawa gimba zima katika wavu wa elementi ndogondogo, na ufa ukalazimika kupita kwenye kingo za elementi hizo. Ukisogea, wavu unasukwa upya. Kazi ya kuchosha, na makosa hayakosekani.

Kishazi cha kwanza hakijui habari za ufa: ni mhamo wa kawaida wa elementi finaiti. Cha pili kinaleta fanksheni yenye thamani mbili tu, +1 upande mmoja wa ufa na −1 upande wa pili. Ndiyo inayouachanisha wavu bila kuukata. Cha tatu kinashughulikia ncha, na hapo ndipo ufundi ulipo. Fanksheni zake ni nne, zote zikiwa na kipeuo cha pili cha umbali kutoka nchani, ili mkazo upande bila kikomo kadiri unavyoikaribia ncha. Lakini ni ile ya sini ya nusu pembe peke yake inayoruka kutoka uso mmoja wa ufa hadi wa pili. Tatu zilizobaki ni sifuri kwenye nyuso zote mbili. Zinakamilisha umbo la mhamo, hazipasui chochote.

Katika vishazi vyote vitatu inarudi φ ileile, yaani fanksheni ya umbo ya elementi, kama kina. Marudio hayo ndiyo yanayozuia nyongeza zisimwagike nje ya jirani za ufa.

Belytschko, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, hakufika hapa kwa njia iliyonyooka. Mwaka 1994, pamoja na Lu na Gu, alikuwa ametoa njia isiyohitaji elementi kabisa. Miaka mitano baadaye akaurudia wavu, kwanza na Tom Black kwa kishazi cha ncha pekee, na ufa mrefu uliopinda ukawa bado unawasumbua. Kishazi cha katikati ndicho kilichoingia mwisho. Mimi naona ndicho kizuri kuliko vyote, kwa kuwa ndicho sahili kuliko vyote.

Pengo la sentensi hii ni kwamba haina mtenda. Haisemi ufa utaelekea wapi. Mwelekeo unakokotolewa kando, kwa kanuni ya mkazo mkubwa kuliko yote kuizunguka ncha, na urefu wa kila hatua anaupanga mtu. Wafaransa Francfort na Marigo walikuwa wameshapendekeza mwaka 1998 kwamba nishati yenyewe ichague njia. Pendekezo lao lilipoingizwa kwenye kompyuta, lilidai wavu mwembamba mno kandokando ya ufa, gharama ambayo Belytschko alikuwa ameikwepa.