Dakika Moja ya Kuzidiwa

Kreni ya bandarini inapoling'oa kontena la tani 30, mota yake hudai mkondo mkubwa kwa sekunde chache tu. Mwendo ukishatulia, dai hilo hushuka. Anayeogopa kishindo hicho hununua konveta (kifaa kinachoilisha mota umeme) kubwa mara mbili ya inayohitajika, akalala usingizi. Fundi hasa huuliza kwanza kitadumu kwa muda gani.

Swali hilo lina uzito kwa sababu ya joto. Ndani ya konveta, mkondo hupita kwenye transista za silikoni, vipande vidogo kama ukucha. Mkondo ukipanda, silikoni hupata joto ndani ya milisekunde, ilhali bamba la alumini linaloibeba na kuipoza huchukua dakika kadhaa kupata joto. Fundi huishi katika tofauti hiyo. Ndiyo maana konveta nyingi za kazi nzito huruhusiwa kubeba asilimia 150 ya mkondo wao wa kawaida kwa dakika moja katika kila dakika tano, na dakika nne zinazobaki ni za bamba kupoa. Programu hukadiria joto la silikoni bila kukoma, na likikaribia kikomo, ambacho mara nyingi ni nyuzi 150 za Selsiasi, hupunguza mkondo hata kama mwendesha kreni atanung'unika. Nyaya zikigusana na kuleta shoti, hakuna nafasi ya makadirio: transista nyingi za aina hii hustahimili mikrosekunde 10 tu, nayo saketi ya ulinzi lazima izizime kabla ya hapo.

Hata kishindo kilichoruhusiwa huacha alama. Nyaya nyembamba za alumini zilizounganishwa juu ya silikoni hutanuka zaidi kuliko silikoni yenyewe. Zikipata joto na kupoa mara nyingi mno, hung'oka. Kwa hiyo mhandisi makini huhesabu pia ni vishindo vingapi mtambo utavipata maishani mwake. Ni hesabu isiyoonekana katika picha za matangazo.

Kuna mahali ambapo kishindo ni kikubwa mno hata kwa gridi. Karibu na Geneva, maabara ya CERN ina mtambo wa kuongeza kasi ya protoni unaofanya kazi tangu 1959. Sumakuumeme zake hutaka mkondo wa takriban ampea 6,000, na kilele cha umeme hufikia megawati 60, kisha yote hushuka na kuanza upya baada ya sekunde chache. Tangu 1968 kazi ya kuzilisha sumaku hizo ilibebwa na mota na jenereta yenye rota nzito: ilitoa nishati kwa kupunguza mwendo, ikaipokea tena kwa kuuongeza.

Mwaka 2011 nafasi ya mashine hiyo ilichukuliwa na konveta iitwayo POPS, yenye makundi sita ya kapasita. Sumaku zikihitaji nishati, kapasita huzipa. Mkondo ukishushwa, nishati hurudi kwenye kapasita, na gridi hulipia tu kinachopotea kama joto. Lakini kapasita inapotoa, volti zake huporomoka, wakati sumaku zinadai mkondo upande bila kuyumba, kwani protoni hazisamehi. Konveta huziba pengo hilo kwa kuwasha na kuzima transista mamia ya mara kwa sekunde, mzunguko baada ya mzunguko, usiku na mchana.