Bakora ya Rafiki Ilikwenda Wapi?

Bakora haikushuka. Niliingoja, maana kila aliyeiona The Lion King ya 1994 anaijua: Simba ametoka kuisikia sauti ya baba yake mawinguni, bado anaogopa kurudi nyumbani, na yule nyani mzee, Rafiki, anamchapa kichwani. Katika filamu ya Jon Favreau ya 2019 pigo hilo limekatwa. Aliyenyang'anywa ni John Kani, anayempa Rafiki sauti, na kwangu mimi hakuna mwigizaji aliye hai barani Afrika aliyestahili zaidi kuishika bakora ile.

Litazameni lile tukio kama kazi ya jukwaani. Rafiki anapiga. Simba anang'aka na kuuliza kisa. Mzee anamwambia si kitu, limeshapita. Kijana anasema bado linauma. Bakora inazunguka mara ya pili, na safari hii Simba anainama. Pigo, swali, kukwepa: hatua tatu, basi. Sisi tuna methali yetu, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, na mzee yeyote angeweza kumtupia Simba hiyo akaenda zake. Rafiki anapita hapo. Anakubali kwamba yaliyopita ni ndwele kweli na yanauma, kisha anamganga kijana bila kuitaja dawa. Mwili wa Simba unaelewa kabla ya masikio yake.

Ukiliondoa tukio hilo, safari ya kurudi inabaki kuegemea sauti ya mawinguni peke yake. Kijana anatii amri ya marehemu, hajajifunza kitu kwa ngozi yake mwenyewe. Mkufunzi wa Simba anageuka mtu wa kumwonyesha njia ya kufika mtoni.

Wala nafasi haikukosekana. Filamu ya 1994 ina dakika 88. Hii ina 118. Katika nusu saa hiyo ya nyongeza tumeonyeshwa kishungi cha manyoya ya Simba kikipeperushwa, kikaliwa na twiga, kikatoka kwenye kinyesi, kikaviringishwa na mdudu, mpaka kikamfikia Rafiki. Aliyeamua kwamba kinyesi cha twiga kinastahili muda kuliko mikono ya John Kani alikosea, na nalisema bila kumung'unya.

Chanzo cha kosa nimekuwa nikikilalamikia miaka mingi: hii hamu ya kutaka mnyama wa filamu afanane na mnyama wa Serengeti mpaka unywele wa mwisho. Nyani wa porini hachapi simba fimbo, basi fimbo inangoja vita vya mwisho. Simba wa porini hakunji uso kwa huzuni, basi uso unaganda hata baba anapokufa. Na isisemwe kwamba mitambo ilikuwa michanga. Miaka miwili kabla, katika War for the Planet of the Apes, Andy Serkis alimcheza sokwe Caesar, na uchungu wake wote tuliusoma machoni.

Watakaotetea watasema sauti ya Kani inatosha. Sauti hutosha redioni. Waliowasikiliza Pwagu na Pwaguzi enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam walijichorea sura zao wenyewe, na hakuna picha iliyokuja kuwakanusha. Filamu huja na sura yake, na sura ikinyamaza wakati sauti inasema, mtazamaji huamini sura. Robert Guillaume, Rafiki wa 1994, alichorewa mwili unaoruka sawasawa na kicheko chake. Marehemu King Majuto wa Tanga alituvunja mbavu kabla hajafungua mdomo, kwa kusimama kwake tu. Mabingwa wale waliachiwa miili yao.

Na mwili wa Kani si wa kufichwa. Mzaliwa huyu wa New Brighton, Port Elizabeth, mwaka 1943, alijifunza kazi na kundi la Serpent Players katika nchi iliyomkataza mweusi karibu kila kitu. Mwaka 1972, pamoja na Winston Ntshona na Athol Fugard, alitunga Sizwe Banzi Is Dead. Mwanzoni yuko peke yake jukwaani kama Styles, mpiga picha, akisimulia siku Henry Ford wa pili alipokuja kiwandani. Hapo anakuwa bosi Mzungu anayehutubia, mkalimani anayeipindua hotuba, wafanyakazi wanaosikia, na bwana mkubwa anayepita bila kutazama mtu. Watu wote hao wametoka kwenye mabega, shingo na macho ya mtu mmoja. Mwaka 1975 yeye na Ntshona walipewa pamoja tuzo ya Tony. Aliporudi nyumbani polisi walimpiga hadi akapoteza jicho la kushoto. Akaendelea kucheza, akawa Othello katika Market Theatre ya Johannesburg mwaka 1987, ubaguzi ukiwa bado sheria.



Anayedhani filamu za mamilioni haziwezi kumtumia vizuri akamtazame tena katika Black Panther ya 2018. Yeye ndiye T'Chaka, baba marehemu, na mwanawe T'Challa anamuuliza kwa nini alimtelekeza mtoto wa ndugu yake. Kani hasemi mengi. Uso wa mfalme unaporomoka mbele yetu, na hilo ndilo jibu. Mwaka mmoja baadaye akapewa mazungumzo mengine ya mrithi na baba aliyekufa, safari hii yeye akiwa kiongozi wa njia, na uso wake ukabaki nje ya studio.

Mwaka 2024, katika Mufasa: The Lion King, walimrejesha Rafiki wake amsimulie hadithi Kiara, bintiye Simba. Nilifurahi niliposikia, maana msimulizi wa hadithi kwetu hutumia mikono, hunyanyuka, huwa fisi, huwa sungura. Kani aliyafanya hayo kama Styles, akiwa na kiti na gazeti tu, mbele ya watu walioweza kukamatwa kwa kuja kumtazama. Aliyeweza hayo apewe bakora, kisha kamera imkae usoni.