Duka na Ngome: Yosano Akiko na Urithi wa Sakai

Wahakiki wengi wamezoea kulisoma shairi la Yosano Akiko la mwaka 1904, alilomwandikia mdogo wake aliyekuwa vitani Port Arthur, kama wito wa amani kwa wanadamu wote. Sisi tunaona kuwa usomaji huo unaling'oa shairi katika udongo wake. Udongo huo ni Sakai, mji wa wafanyabiashara wa Kijapani ulio kusini ya Osaka.

Katika karne ya 16 mji huu ulijitawala chini ya baraza la matajiri, nao ukajikinga kwa mahandaki ya maji. Mwaka 1568 mbabe wa vita Oda Nobunaga aliudai kan 20,000 za fedha; wazee wakapinga, kisha wakalipa. Mwana wa mji huo, Sen no Rikyu, bingwa wa sanaa ya chai, aliamriwa ajiue na mtawala Toyotomi Hideyoshi mwaka 1591. Hivyo wenyeji walijua tangu zamani gharama ya kuwa karibu na wenye panga.

Akiko alizaliwa humo mwaka 1878, binti wa mwenye duka la vitu vitamu. Katika shairi hasemi kwa jina la dini wala la falsafa. Anamkumbusha ndugu yake kuwa yeye ni mrithi wa nyumba kongwe ya biashara, kwamba wazazi hawakumlea ili aue, na kwamba kuanguka kwa ngome hakuihusu kaya yao. Anathubutu hata kugusia kuwa Mfalme mwenyewe haendi vitani. Hapa ndipo penye nguvu ya kazi hii: duka linapimwa na dola, na duka halioni haya. Mhakiki Omachi Keigetsu alimshutumu vikali. Akiko akajibu kuwa mshairi hana budi kuimba ukweli wa moyo wake.

Hata hivyo, hoja ya nyumba ina mipaka. Sakai hiyo hiyo ilikuwa mashuhuri kwa kufua bunduki, na matajiri wake walinufaika na vita vya wengine. Naye Akiko, mwaka 1942, alitunga shairi la kumhimiza mwanawe, afisa wa jeshi la majini, apigane kishujaa. Upendo wa jamaa uliopinga vita ya kwanza haukutosha kupinga ya pili.

Tangu mwaka 2015 Sakai ina jumba moja la makumbusho linalowaenzi Rikyu na Akiko pamoja. Ni haki wakae pamoja. Lakini sisi walimu tunapolifundisha shairi hili, tusiwape wanafunzi sanamu ya mtakatifu. Tuwape mwanamke wa dukani aliyesema kweli kubwa, na tuwaachie swali: je, kweli hiyo ingedumu vipi kama ingevuka kizingiti cha nyumba yake na kuwafikia pia wana wa adui?