Uhai na Maisha: Tahakiki ya Lugha ya Utafutaji wa Viumbe katika Sayari Nyingine

Katika maandishi ya Kiswahili yahusuyo sayari, vikiwamo vitabu vya shule na taarifa za magazeti, aghalabu swali huulizwa hivi: je, kuna maisha katika sayari nyingine? Swali hili limekwisha kuzoeleka kiasi kwamba si rahisi msomaji kutambua kuwa limeulizwa vibaya. Tahakiki hii inakusudia kuonyesha kwamba kosa lililomo ni la maana wala si la mtindo tu, na kwamba Kiswahili kinayo mali ya kulisahihisha bila ya kukopa hata neno moja.

Kiingereza kina neno moja libebalo mambo mawili: hali ya kiumbe kuwa hai, na mwenendo wa kuishi kwake. Kiswahili kimeyatenga. Uhai ni ile hali itofautishayo mbegu iwezayo kuota na changarawe. Maisha, neno ambalo katika asili yake ya Kiarabu lahusu riziki na namna ya kujikimu, ni mwendo wa siku za kiumbe: kazi yake, makazi yake, shida na raha zake. Asemaye kwamba maisha yamekuwa magumu hana maana kwamba uhai umekuwa mgumu. Wala tofauti hii si ya Kiswahili peke yake. Mtoto wa Thika au Ruiru ambaye lugha ya kwao ni Kikuyu hutenga vilevile muoyo na mũtũũrĩre. Aambiwapo darasani kwamba wataalamu wanatafuta maisha huko Mirihi, ananyang'anywa tofauti aliyokuwa nayo katika lugha mbili, kwa sababu tu lugha ya tatu haina.

Madhara yake yanaonekana pindi habari zenyewe zinapotazamwa. Vyombo viwili vya Marekani, Viking 1 na Viking 2, vilitua Mirihi mwaka 1976 na kupima udongo ili kuona kama mna vijidudu. Wataalamu wengi waliamua kwamba matokeo yalitokana na kemia ya udongo ule. Chombo cha Perseverance kilitua katika bonde la Jezero mwezi wa Februari 2021, na mwezi wa Julai 2024 ikatangazwa kwamba kimekuta jiwe lenye madoa ambayo huenda yaliachwa na vijidudu vya kale, au huenda yakawa ni kazi ya kemia tu. Mwezi wa Oktoba 2024 kilirushwa Europa Clipper kuelekea mwezi mmoja wa Mshtarii, ili kuchunguza kama bahari inayodhaniwa kuwa chini ya barafu yake yaweza kuhifadhi viumbe. Katika safari zote hizo hakuna atarajiaye kukuta maisha. Msomaji aliyeambiwa kwamba dalili za maisha zimeonekana Mirihi, kisha akaonyeshwa madoa ya jiwe, ana haki ya kudhani kwamba amedanganywa.

Mfano ulio karibu zaidi hauko mbali na Thika. Huko Juja, kati ya Ruiru na Thika, kipo Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kilichoanza mwaka 1981 na kupata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1994. Watafiti wake wamechapisha kazi juu ya bakteria wa Ziwa Elmenteita na Ziwa Magadi, maziwa ambayo maji yake yamejaa chumvi na magadi. Kijidudu kimoja hata kimepewa jina la ziwa lenyewe: Natrialba magadii. Ni katika mahali kama hapo ambapo sayansi hujifunza uhai huweza kustahimili nini, na kwa hiyo utafutwe wapi kwingineko. Mwalimu akisema kuna maisha Magadi, wanafunzi watawafikiria wafanyakazi wa kiwanda cha magadi na Wamasai na mifugo yao. Akisema kuna uhai ndani ya maji ya Magadi, somo limekwisha kuanza.

Hata hivyo, si haki kulifukuza neno maisha katika uwanja huu wote. Mwaka 1960 Frank Drake alielekeza darubini ya redio ya Green Bank, huko Marekani, kwenye nyota mbili ili kusikiliza kama kuna ishara zilizotumwa kwa makusudi. Atafutaye hivyo anatafuta jamii yenye vyombo na mawasiliano, yaani viumbe wenye maisha. Kinachopaswa kukataliwa ni tafsiri kama "maisha yenye akili", kwa kuwa akili ni ya kiumbe, si ya maisha yake.

Fasihi imelitumia neno hili kwa uangalifu kuliko taarifa za sayansi. Katika riwaya ya Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, Dzombo anahukumiwa na watawala wa nchi yake na kutupwa angani ndani ya chombo, naye anafika katika ulimwengu mwingine wenye usawa na utu. Wako wawezao kuilaumu riwaya hii kwa kutoeleza vya kutosha hewa wala mwendo wa sayari hiyo. Lawama hiyo haina uzito, kwani swali la Mkangi halikuwa kama kuna uhai huko. Lilikuwa kama maisha yaweza kupangwa kwa namna nyingine, na jina lenyewe, likitenganishwa, lasema "wale ni sisi". Udhaifu wake uko kwingine: ulimwengu huo umekamilika mno hata mazungumzo yakawa hotuba. Lakini kwa upande wa msamiati riwaya inafundisha kwamba maisha ni neno la jamii.

Sarufi nayo ina lake la kusema. Kiswahili humlazimisha mwandishi aamue, katika upatanisho wa kila sentensi, kama anachokitaja kina uhai. Husemwa bakteria "wameonekana", lakini virusi "vimeenea", kana kwamba lugha imekwisha kushika upande katika mjadala ambao wanabayolojia hawajaumaliza. Mwandishi wa habari za Jezero atumiaye neno kiumbe badala ya kitu amekwisha kutoa hukumu kabla ya maabara.

Yaweza kujibiwa kwamba lugha ni ya wasemaji, na kwamba matumizi yaliyoenea hayarudishwi nyuma na wataalamu. Hoja hiyo ni ya kweli kwa maneno ya sokoni. Si ya kweli kwa istilahi, ambazo huanzia vitabuni. Uzoefu wa majina ya sayari unatosha kuwa onyo. Sumbula na Kausi ni majina ya buruji katika elimu ya falaki ya Pwani. Baadhi ya vitabu vikayapachika kwa Jupiter na Neptune, ilhali jina la Mshtarii lilikuwapo tangu zamani. Kosa hilo halikutoka kwa wasemaji.

Tangu Katiba ya 2010 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Kenya sambamba na Kiingereza, na wajibu wake katika sayansi hauwezi tena kuahirishwa. Hivyo, yafaa waandishi na wahariri waandike "utafutaji wa uhai" panapohusika vijidudu na dalili zake, "viumbehai" panapohusika wenye uhai huo, na "maisha" pale tu panapohusika namna ya kuishi. Ikitokea siku moja kijidudu kikapatikana nje ya dunia hii, msomaji wa Thika atahitaji kujua mara moja ni kipi kati ya hivyo kilichopatikana.