Umati Kwanza, Antony Baadaye

Madarasa mengi yanayoigiza mazishi ya Caesar katika Julius Caesar ya Shakespeare huanza kwa kumtafuta Antony. Anachaguliwa mwanafunzi mwenye sauti nzito na kumbukumbu kali, anapewa hotuba aikariri, na wenzake arobaini na ushei wanaambiwa watulie watazame. Kinachotoka hapo ni maghani. Antony anasema, darasa linapiga makofi, na hakuna aliyeona hotuba ile inavyofanya kazi. Kosa liko kwenye mpangilio, wala si upungufu wa kipaji. Uandaliwe umati kwanza, msemaji aje baadaye.

Tazama Shakespeare alivyolijenga onyesho la pili la tendo la tatu. Brutus anapanda jukwaani na kueleza kwa nathari, hoja moja ikipimwa dhidi ya nyingine, kwamba alimuua Caesar kwa sababu ya tamaa yake ya makuu. Umati unaridhika, tena kupita kiasi: raia mmoja anapaza sauti kwamba Brutus mwenyewe sasa awe Caesar. Wanafunzi huupita mstari huo mbio, na mimi ningewarudisha hapo kila mara. Watu hawa wameelezwa sasa hivi kwa nini mtawala yule aliuawa, nao tayari wanamtafuta mwingine. Kisha Brutus anaondoka na kumwachia mpinzani wake uwanja. Anayemwigiza atoke kweli nje ya mlango, asijibanze pembeni, ili darasa lihisi kwamba hakuna tena wa kujibu.

Antony anaanza kwa kumsifu Brutus, na anairudia sifa hiyo mpaka inageuka tusi. Halafu anasita, akisema moyo wake umo jenezani pamoja na Caesar. Katika kusita huko raia wanajadiliana, na mmoja anaona macho yake yalivyoiva kwa kulia. Antony anautaja wosia wa Caesar, anakataa kuusoma, anaombwa, anakataa tena. Anashuka, anawataka waizunguke maiti, anaonyesha vazi lilivyotobolewa: hapa alichoma Cassius, hapa Casca, hapa Brutus. Lakini Antony hakuwepo Caesar alipochomwa. Trebonius, mmoja wa wala njama, alikuwa amemvuta kando. Hakuna raia anayeuliza amejuaje. Wanaondoka kwenda kuchoma nyumba, na wosia waliokuwa wakiulilia wameshausahau. Antony mwenyewe ndiye anayewaita warudi wausikie: drakma 75 kwa kila raia, na bustani za kando ya mto Tiber.

Kila hatua hapo inasubiri jibu la umati kabla ya hatua inayofuata. Umati ukiwa baridi, Antony hana pa kukanyaga, na mwanafunzi hodari kuliko wote atabaki akipiga kelele.

Umati wa namna hiyo unaandaliwaje? Njia ninayoiamini ni ya waigizaji wa enzi ya Shakespeare mwenyewe. Mwigizaji hakupewa tamthilia nzima. Alipewa karatasi yenye mistari yake tu, na kabla ya kila mstari maneno machache ya mwisho ya mwenzake. Hakuambiwa nani angeyasema wala baada ya muda gani. Karatasi moja ya aina hiyo, sehemu ya mhusika Orlando aliyoigiza mwigizaji wa enzi hiyo Edward Alleyn, ipo hadi leo katika chuo cha Dulwich, London. Mtu aliyeshika karatasi kama hiyo hana budi kusikiliza kila neno, maana neno lake linaweza kufika wakati wowote.

Shakespeare aliijua njia hii na kuitumia. Katika Mabepari wa Venisi, Shylock anarudia kudai hati yake ya deni tena na tena. Anayesubiri maneno hayo ili aingie ataingia mapema, atakatizwa, ataingia tena. Vurugu hiyo haikuhitaji maelekezo. Ilikuwa tayari imo ndani ya karatasi.

Darasani gharama ni kalamu na daftari. Onyesho la mazishi lina raia wanne wenye namba badala ya majina. Gawa darasa makundi manne, kila kundi na raia wake. Raia huyo peke yake ndiye mwenye karatasi. Kundi linamfuata kwa mguno, kwa kuhama, kwa kelele. Madawati yasogezwe ukutani, meza ya mwalimu iwe jukwaa. Antony akishuka, umati ufunge duara, na walio nyuma wasimame juu ya viti. Maiti isiwe mwanafunzi, kwani atacheka na kuliua onyesho. Mkeka uliokunjwa na shuka lenye matundu vinatosha. Mwishoni raia wanang'oa mabenchi ili wamchomee Caesar, kwa hiyo kelele za madawati zimo ndani ya tamthilia yenyewe. Mwalimu wa darasa la jirani aarifiwe mapema.

Lugha si kikwazo. Julius Nyerere, aliyewahi kufundisha Tabora na Pugu, alitoa tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthilia hii mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa upya 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo wa 1969 ilitoka tamthilia Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, nayo inadai kazi ileile: watu wanasubiri kando ya mto, na Kinjeketile anapotoka majini akiwa mkavu, muujiza huo unaonekana kwenye nyuso za waliosubiri. Darasa lililojifunza kuwa umati wa Roma halitapata tabu kuwa umati wa Ngarambe, kwa Kinjeketile.

Baada ya mazishi msipumzike. Onyesho linalofuata ni fupi sana: Cinna mshairi anakutana na umati huo barabarani. Anaulizwa jina, anakokwenda, anakoishi, kama ameoa. Jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Anajitetea kwamba yeye ni mshairi, nao wanasema basi auawe kwa mashairi yake mabaya. Atakayemwigiza asiwemo kwenye onyesho la mazishi na asione karatasi za raia. Aingie kutoka nje, apite mlango uleule aliotokea Brutus, akute darasa bado lina hasira. Makundi yote manne yamuulize kwa zamu, yakimkaribia hatua moja kwa kila swali.