Vitenzi Vilivyoachwa Katika Maneno Mashuhuri

Miongoni mwa maneno ya Maandiko yatajwayo sana na walimu na makatekista, hapa Ufipa kama kwingineko, ni hili: Asiyefanya kazi na asile. Husemwa shambani, husemwa mkutanoni, na pengine husemwa mimbarani. Walakini Mtume Paulo hakulisema hivyo. Atakayeufungua waraka wa pili kwa Wathesalonike, sura ya 3, mstari wa 10, ataona kwamba katika Kiyunani, na katika Kilatini cha Mtakatifu Yeronimo pia, mna kitenzi cha kutaka. Mtume amnyima chakula mtu asiyetaka kufanya kazi. Habari za mtu asiyeweza hakuzigusa. Tafsiri ya Union Version ya mwaka 1952 imekihifadhi kitenzi hicho. Ni vinywa vyetu vilivyokiangusha.

Pengine mtu atasema kwamba huu ni udadisi wa maneno tu. Sivyo. Wafipa ni watu wa jembe tangu zamani. Hufukia majani chini ya udongo na kuvifanya matuta ya mviringo, yaitwayo intumba. Majani huoza humo yakawa mbolea, na msimu ufuatao matuta hutawanywa, ulezi ukapandwa. Kazi hiyo ni nzito, wala bibi kizee hawezi kuinua tuta. Basi huyo bibi akaaye uani akipepeta ulezi kidogo kidogo, na kipofu, na mgonjwa wa kifua, neno lenye kitenzi haliwahusu hata kidogo. Neno lisilo na kitenzi lawahukumu kila chungu kiepuliwapo. Na wao hulisikia, tena hulisikia likisemwa kwa jina la Mtume.

Kosa hili si la kwetu peke yetu. Katiba ya Urusi ya mwaka 1918, na ile ya Muungano wa Kisovyeti ya mwaka 1936, ziliandika neno hilo hilo kuwa sheria, bila kutaka ndani yake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa na uangalifu zaidi: liliponena kwamba kila mtu awe mfanyakazi, liliwatoa watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na wale ambao taifa halikuweza kuwapatia kazi. Ni ajabu kwamba waraka wa siasa ukumbuke jambo ambalo mhubiri hulisahau.

La pili ni lile la fedha. Husemwa kwamba fedha ndiyo shina la mabaya yote, na msemaji humtaja Timotheo. Mtume, katika waraka wa kwanza, sura ya 6, mstari wa 10, aliilaumu tamaa ya fedha. Tena katika Kiyunani kupenda na fedha vimeunganishwa kuwa neno moja, hata mwenye kuondoa kupenda hana budi kulipasua neno lenyewe. Mkulima auzaye magunia ya mahindi sokoni Sumbawanga, apate sare za watoto na dawa ya mama yake, asionyeshwe fedha yake kana kwamba ni kitu najisi. Aulizwe aipenda kadiri gani. Hilo ndilo swali la Mtume, na ni gumu kuliko lile tulilolizoea, kwa kuwa hata asiye na senti moja yampasa kulijibu.

(Neno la Jisaidie nami nitakusaidia silitii katika hesabu hii. Hilo halikupungukiwa na kitenzi. Halimo katika Maandiko kabisa, na maana yake ni jirani ya hadithi za Aesop kuliko Injili.)

Kitenzi cha tatu kimo katika jina la mji wetu. Watu wa mbali wakisikia Sumbawanga hucheka, au huogopa, wakidhani kwamba jina lasema hapa ni makao ya wachawi. Na kijana wa Kifipa aendaye kusoma mikoa mingine hutaniwa kwa hilo. Sababu yake, kwa maoni yangu, ni masikio. Mswahili alijua tangu utoto neno mwanga, na wingi wake wanga, yaani watu wa uchawi wa usiku. Basi hulishika pande la jina alijualo, na lile asilolijua huliacha lipite. Lakini kwa maelezo yaliyo mashuhuri, sumba katika Kifipa ni tupa, nalo jina lote ni amri kwa mtu aingiaye: tupa uchawi wako. Aliyeambiwa ni mgeni, naye mwenyeji ndiye aliyesema. Mwalimu akitaka kulifundisha jina hili, na aanze na sumba, aliandike ubaoni peke yake na kulifasiri, kisha ndipo aandike wanga.